Seli mpya za ubongo zinakuja, ila njia inapita kwenye kidonge

Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha kwa siku moja ripoti mbili ambazo watu wanaoishi na ugonjwa wa Parkinson walikuwa wamezisubiri kwa miongo. Ya kwanza ilitoka Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Wagonjwa 7, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waliwekewa ubongoni seli zilizokuzwa maabara, kisha wakafuatiliwa kwa miezi 24. Ya pili ilihusu wagonjwa 12 wa Marekani na Kanada waliofuatiliwa kwa miezi 18. Katika majaribio yote mawili seli hazikuleta uvimbe wala madhara makubwa. Huko Kyoto, kati ya wagonjwa 6 waliopimwa kama wamepata nafuu, 4 walisogea vizuri zaidi hata saa ambazo dawa zilikuwa zimeisha nguvu mwilini, na picha za ubongo zilionyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuratibu mwendo, inatengenezwa.

Habari hiyo ilipoingia kwenye simu zetu hapa Uganda, idadi ya wagonjwa ilikuwa imeachwa njiani, na miezi ya ufuatiliaji pia. Ilibaki sentensi moja: dawa ya Parkinson imepatikana. Sasa kuna familia zinazouliza kama ziuze kiwanja zimpeleke mzee ng'ambo, na kuna watu walio tayari kuzijibu ndiyo kabla hawajamwona mzee mwenyewe.

Naamini seli hizi zitafika, na Mganda ana haki nazo sawa na Mjapani. Lakini njia ya kuzifikia inaanzia kwenye kidonge cha levodopa, dawa ya kawaida ya Parkinson, ambacho wagonjwa wetu wengi hawajawahi kukimeza. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na itanibidi kwanza nirudi nyuma, kwa sababu historia ya upandikizaji huu ina funzo ambalo wauzaji wa matumaini wangependa tusilijue.

Katika ubongo wa kati kuna fungu dogo la seli zenye rangi nyeusi. Kazi yake ni kutengeneza dopamini na kuipeleka hadi eneo liitwalo putameni, ambako mwendo wa mwili huratibiwa. Mkono unapoanza kutetemeka ukiwa umetulia, mwili unapokakamaa, hatua zinapofupika na uso unapokosa mabadiliko, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imeshakufa. Levodopa ikimezwa hufika ubongoni na kugeuzwa kuwa dopamini. Miaka ya mwanzo hufanya kazi vizuri mno. Mtu aliyekuwa akilishwa hushika kijiko mwenyewe. Miaka inapopita nafuu huanza kuja na kuondoka, na dawa ikiwa imepanda, mwili hujipindapinda bila hiari ya mwenyewe. Hapo ndipo wazo la kupandikiza linapopata maana: badala ya kuingiza dopamini kwa mdomo kila baada ya saa chache, peleka seli zitakazoitengeneza papo hapo inapohitajika. Madaktari wa upasuaji hawazirudishi pale zilipofia wenzake. Huziweka moja kwa moja kwenye putameni, maana nyuzi za seli changa hazina uhakika wa kuvuka umbali huo ndani ya ubongo wa mtu mzima.

Wazo hili lilijaribiwa kwa panya mwaka 1979, Sweden na Marekani. Binadamu wa kwanza kupandikizwa walikuwa Stockholm mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wao walichukuliwa chembe za tezi iliyo juu ya figo zao wenyewe, kwa kuwa nayo hutengeneza kemikali za ukoo wa dopamini. Nafuu ilikuwa ndogo na ya muda. Kisha mwaka 1987 kundi la madaktari wa Mexico likatangaza kwamba wagonjwa wawili, waliofanyiwa upasuaji kwa namna iliyotofautiana kidogo na ile ya Stockholm, walikuwa wamebadilika kabisa. Wawili tu. Ndani ya muda mfupi mamia ya watu katika nchi mbalimbali walikuwa wamepasuliwa tumbo na fuvu kwa nguvu ya ripoti ile. Wapo walioumia vibaya, wapo waliokufa. Waliochunguzwa ubongo baada ya kufariki walikutwa na seli chache sana zilizo hai, au hawakuwa nazo kabisa. Njia hiyo ikaachwa.

Wakati huohuo mji wa Lund, kusini mwa Sweden, ulianza mwaka 1987 kutumia seli za ubongo wa kati wa vijusi vya mimba zilizotolewa, vyenye umri wa majuma machache. Hapa kulikuwa na kitu cha kweli. Baadhi ya wagonjwa waliacha levodopa kwa miaka. Mmoja wao, alipofariki, alikutwa na seli zilizopandikizwa zikiwa bado hai miaka 24 baadaye. Ila kila mgonjwa alihitaji tishu za vijusi kadhaa kwa kila upande wa ubongo, na seli nyingi zilikufa katika siku za kwanza. Matokeo yalitofautiana mno kati ya mgonjwa na mgonjwa, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwa nini.

Ndipo Wamarekani wakafanya jambo ambalo wengi waliliona la kikatili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 40 waligawanywa kwa kura. Nusu walipandikizwa seli. Nusu walitobolewa tundu kwenye mfupa wa fuvu, wakazibwa, bila kuwekewa chochote, na hakuna aliyeambiwa yuko kundi gani. Mwaka mmoja baadaye makundi mawili hayakutofautiana katika kipimo kikuu, yaani namna wagonjwa wenyewe walivyoikadiria nafuu yao. Wenye miaka 60 kushuka chini walionyesha nafuu fulani walipopimwa na madaktari. Baadaye watu 5 kati ya 33 waliopandikizwa walipata mipindo ya mwili isiyo ya hiari, isiyokoma hata walipoacha dawa. Jaribio la pili, la mwaka 2003, wagonjwa 34, nalo halikuonyesha tofauti ya maana, na mipindo hiyo ilikuwa kwa zaidi ya nusu ya waliopandikizwa. Mwaka 2008 likaja pigo jingine: ndani ya seli zilizopandikizwa miaka 11 hadi 16 nyuma zilionekana dalili za ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa umezifuata seli changa huko huko zilikohamia.

Katika jaribio lile la 2001 kuna uchunguzi mdogo ninaouona mzito kuliko jaribio lenyewe. Wagonjwa 30 waliulizwa wanadhani wamepewa nini: seli au tundu tupu. Baada ya mwaka mzima, walioamini wamepandikizwa walikuwa na maisha bora zaidi, hata kwa macho ya wahudumu waliowapima bila kujua nani kapewa nini, na haikujalisha kama kweli walipandikizwa au la. Mwaka huohuo wa 2001 watafiti wa Kanada walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa dawa bandia isiyo na kitu ndani huku akitarajia nafuu, ubongo wake humwaga dopamini. Humwaga kwelikweli, ile iliyobaki.

Ugonjwa huu una wenzake wachache katika jambo hili. Tumaini lenyewe huhamisha kemikali ileile iliyopungua. Mgonjwa anayesimama kanisani, au kwenye kipindi cha redio cha jioni, au kwenye video inayosambazwa WhatsApp, akasema alikuwa hawezi kutembea na sasa anatembea, huenda hasemi uongo hata kidogo. Kweli katembea. Lakini alichotumia huenda hakikufanya chochote. Nafuu ya namna hiyo si ya kuidharau, ila haidumu, na pesa iliyolipwa hairudi. Kwa hiyo katika Parkinson, kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote, ushuhuda wa mtu mmoja hauwezi kuwa kipimo cha tiba, hata mtu huyo awe mkweli kiasi gani. Wale Wamarekani waliotoboa mafuvu bila kuweka kitu walilielewa hilo, na bila wao huenda maelfu ya watu wangeendelea kupasuliwa hadi leo.

Hapa kwetu biashara ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ina sura yake. Haina chumba cha upasuaji. Ni vifurushi vya unga vinavyouzwa kwa mtandao wa marafiki na ndugu, kila mnunuzi akihimizwa kuwa muuzaji, na kifurushi kikidaiwa kutibu kisukari, shinikizo la damu, kiharusi na kutetemeka kwa pamoja. Seli hai haikai kwenye unga mkavu. Hata ingekaa, tumbo lingeiyeyusha kama linavyoyeyusha maharage. Mwalimu mstaafu anayetoa pensheni yake kununua kifurushi hicho anaibiwa, na mara nyingi anayemwibia ni mpwa wake, ambaye naye amedanganywa.

Walio na uwezo mkubwa zaidi huelekezwa ng'ambo. Huko nako yapo ya kutisha. Kijana mmoja wa Israeli mwenye ugonjwa mwingine wa ubongo alipelekwa Moscow kudungwa seli za vijusi kuanzia mwaka 2001. Miaka michache baadaye alikutwa na uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha kuwa uvimbe huo umetokana na seli za waliomtolea. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2009. Hospitali inayokuomba ulipie seli ili uingie kwenye majaribio, iulize kwa nini. Jaribio la kweli la kitabibu halimtozi mgonjwa bei ya kitu ambacho bado hakijathibitishwa.

Sasa nije kwenye kidonge.

Majaribio mazuri ya upandikizaji huchagua mgonjwa ambaye mwili wake uliitikia levodopa. Sababu ni rahisi: seli zinazopandikizwa zinaleta dopamini na si kitu kingine. Asiyepata nafuu kwa levodopa, uwezekano mkubwa ni kwamba kutetemeka au kukakamaa kwake kunatoka kwingine, na seli hazitamfaa. Magonjwa yanayofanana na Parkinson ni mengi. Yapo yanayoharibu sehemu nyingi za ubongo kwa pamoja, ambapo dopamini ni kipande kidogo tu cha hasara. Ipo hali ya kukakamaa inayoletwa na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol na chlorpromazine, ambazo zinatumika sana nchini. Mgonjwa wa namna hii anahitaji daktari aipitie upya dozi yake. Si wa kusafirishwa kwenda kupasuliwa, na wala asiache dawa kwa uamuzi wa jirani. Kaskazini, katika Kitgum, Pader na Lamwo, vijana walioathirika na ugonjwa wa kutikisa kichwa wamekutwa, katika uchunguzi wa ubongo wa waliofariki uliochapishwa mwaka 2018, na mrundikano wa protini iitwayo tau. Kwao pia kupanda seli za dopamini hakutagusa kiini.

Kwa hiyo levodopa ni tiba na ni kipimo. Nchi isiyoweza kumpa mgonjwa levodopa kwa miezi michache, akafuatiliwa na mtu anayejua kuangalia, haiwezi kujua nani anastahili seli. Siku seli zitakapopatikana zitawafikia wenye pesa ya kwenda kupimwa kwingine, na waliobaki watahesabiwa kuwa wazee waliochoka.

Na wengi wanahesabiwa hivyo sasa. Utafiti wa wilaya ya Mukono uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha uelewa mdogo wa ugonjwa huu, mjini na vijijini. Buganda wapo wanaoamini kwamba mtu anayetetemeka amevunja mwiko wa wakwe, kwamba amemgusa au amekaa karibu na mama mkwe isivyostahili. Chama cha wagonjwa cha hapa Uganda kilijiita Parkinson's Si Buko, yaani Parkinson si buko, ugonjwa wa mwiko huo, ili kuikana imani hiyo kuanzia kwenye jina lake, na nawaheshimu sana kwa hilo. Mzee anayeshukiwa kuvunja mwiko haendi kliniki. Hujificha nyumbani, akala peke yake ili watu wasione chai ikimwagika.

Jirani zetu wa Tanzania walipotembea nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kati ya watu 161,071 walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao unaitwaje. Uganda nayo ina madaktari wachache wa mishipa ya fahamu, na wengi wako Kampala na Mbarara. Huko wilayani dawa inayopatikana kwa urahisi ni benzhexol, kwa kuwa huja pamoja na dawa za akili. Hupunguza kutetemeka, lakini kwa mzee inaweza kuleta kuchanganyikiwa na kusahau, kisha familia ikaona ugonjwa umezidi.

Kuna mmea ambao nadhani tungeuzungumza zaidi. Upupu, huu huu unaowasha, mbegu zake zina levodopa ya kweli. Watafiti waliojaribu unga wa mbegu hizo kwa wagonjwa wa Bolivia walichapisha mwaka 2017 kwamba nafuu yake ya muda mfupi ililingana na ile ya vidonge. Simshauri mtu yeyote kwenda kuchuma porini na kujipimia, kwa kuwa kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu na kichefuchefu chake ni kikali. Lakini wanasayansi wa Makerere na Mbarara wanaweza kulifanyia swali hili kazi, na jibu lake lingemfaa mkulima leo kuliko maabara yoyote ya Kyoto.

Kuna wanaosema Uganda haina hadhi ya kuzungumzia upasuaji wa ubongo wa kiwango hiki. Siwakubali. Upasuaji wa ubongo ulianza Mulago mwaka 1969. Mbale, hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa mwaka 2001, na humo daktari Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutibu watoto wenye maji kichwani bila kuwawekea mrija wa kudumu. Njia hiyo ilipimwa papo hapo Mbale kwa jaribio la kura la watoto 100, likachapishwa mwaka 2017 katika jarida kubwa la tiba la Marekani, na leo inatumika kwingi duniani. Mbale ilijibu swali la dunia kwa sababu ilikuwa na wagonjwa, mikono, na nidhamu ya kulinganisha. Hiyo nidhamu ndiyo iliyokosekana mwaka 1987 kule Mexico.

Halafu yako mambo ambayo Wajapani hawawezi kutujibia. Seli za Kyoto zilitengenezwa kutokana na damu ya mtu mzima iliyorudishwa nyuma hadi hali ya uchanga, ufundi uliompa Shinya Yamanaka tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kwa nchi yenye sheria kali dhidi ya kutoa mimba na waumini wengi kama yetu, njia hiyo inaondoa ugomvi mzito wa vijusi. Lakini mtoaji wa damu ile alichaguliwa kwa kuwa na aina ya kinga inayopatikana zaidi kwa Wajapani, ili kupunguza hatari ya seli kukataliwa. Waafrika tuna tofauti nyingi za vinasaba kuliko watu wote duniani, na seli iliyochaguliwa kwa ajili ya Osaka haikuchaguliwa kwa ajili ya Soroti. Mwaka 2023 watafiti walioshirikiana na Nigeria waligundua badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wa asili ya Kiafrika, ambalo kwa Wazungu karibu halipo. Aidha, wagonjwa wa majaribio yote mawili ya 2025 walipewa dawa za kushusha kinga kwa mwaka mmoja au zaidi. Mahali ambapo kifua kikuu bado ni mzigo mkubwa, mwaka mmoja wa kinga iliyoshushwa una hatari nyingine kabisa, na hakuna atakayeipima kwa niaba yetu.

Sheria tunayo. Sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo ya mwaka 2023 inagusa viungo, tishu na seli, na inaunda baraza la kusimamia. Desemba mwaka huohuo Mulago ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo, na tukashangilia, ilikuwa haki yetu kushangilia. Baraza hilo lisiishie kwenye figo. Pamoja na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, liseme hadharani, kwa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole na Kiswahili, kwamba unga wa seli shina si tiba ya Parkinson, na anayeuuza kwa dai hilo ashitakiwe.

Wizara ya Afya ianze na kitu kisichohitaji ndege wala maabara. Ghala la Taifa la Dawa linapopanga ununuzi wa mwaka ujao, levodopa iingie kwenye masanduku ya vituo vya afya vya daraja la nne kwa kiasi cha kutosha mwaka mzima, maana mgonjwa anayeanza kisha akakatishwa ghafla anaweza kukakamaa hadi akafa. Maafisa tabibu wafundishwe kuangalia mwendo, kuuliza dawa ambazo mgonjwa alikuwa akitumia kabla, kuanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu. Kila aliyeitikia dawa aandikwe kwenye daftari moja la taifa, jina, umri na wilaya, ili siku jaribio la seli litakapotafuta wagonjwa Afrika Mashariki, tujue wako wapi.